Uzi maalumu: Katuni za zamani za mashujaa wa Australia, uanzie wapi na uangalie nini kabla ya kutoa hela

MzeeWaJalada

Wakuu, salaam. Kuna mdau aliniuliza kwenye uzi wa vitu vya kale kwa nini nahangaika na vijitabu vya katuni vya Australia, tena vingi vya nyeusi na nyeupe, wakati Superman na Batman ni wa Wamarekani na nakala za Kimarekani zimejaa mtandaoni. Jibu ni refu, bora nifungue uzi. Mimi niko huku Melbourne, kwa hiyo vitu hivi navikuta kwenye maduka ya mitumba na magulio ya Jumapili, sivisomi kwa hadithi tu.

Tuanze na chanzo, maana bila hicho utaona ni makaratasi. Mwaka 1940, vita imepamba moto, serikali ya Australia ikaanza kubana matumizi ya dola za Marekani. Magazeti na katuni kutoka Marekani vikawekwa kwenye kundi la vitu ambavyo nchi inaweza kuishi bila hivyo, vikafungiwa mlango. Mlango huo haukufunguka sawasawa hadi miaka ya 1950 inakwisha. Watoto wa Sydney na Melbourne walikuwa wameshaonja katuni za Kimarekani na sasa hazipo dukani. Wachapishaji wa hapa wakaona upenyo.

Upenyo wenyewe ulikuwa mwembamba. Karatasi ilikuwa ya mgawo, na kuanzisha jarida jipya la mfululizo wakati wa vita kulikatazwa. Ujanja ukapatikana: kila toleo lilipewa jina lake, halina namba, halina tarehe, ili lihesabike kama kitabu cha mara moja. Ndiyo maana katuni za miaka ile ya vita zinamtoa jasho kila anayetaka kuzipanga. Huwezi kusema "nimekosa namba 4" wakati hakuna namba yoyote.

Vita ilipokwisha mambo yakafunguka, na hapa ndipo mashujaa wenyewe wanaingia. Januari 1948 kampuni ya Atlas Publications ya Melbourne ikatoa Captain Atom, mchoraji Arthur Mather, mwandishi Jack Bellew. Wanaomjua Captain Atom wa Marekani wasimchanganye na huyu. Yule alikuja 1960. Huyu wa Melbourne ni hadithi ya ndugu mapacha walioungana mwili mmoja kwenye jaribio la bomu la atomu kule kisiwa cha Bikini, Bahari ya Pasifiki. Pacha mmoja anaishi duniani kama mtu wa kawaida, akitamka "Exenor!" anatokea mwingine mwenye nguvu. Fikirieni bomu la Hiroshima lina miaka miwili na nusu tu, na watoto wanapewa shujaa aliyezaliwa na mionzi. Yalitoka matoleo 64 hadi 1954. Ya mwanzo yana rangi ndani, baadaye gharama zikawashinda wakabaki na wino mweusi.

Mwaka 1949 akaja Crimson Comet wa John Dixon. Huyu nampenda kuliko wote. Ana mabawa halisi mgongoni, si vazi. Akiwa mtu wa kawaida, Ralph Rivers, anayakunja chini ya koti, na watu wanamwona kama mtu mwenye kibyongo. Mchoraji alilazimika kuchora lile koti limevimba mgongoni kila ukurasa, na ukiangalia kwa makini unaona siku alizokuwa na haraka: uvimbe unahama bega. Dixon baadaye alipata jina kubwa kwa katuni ya gazetini ya marubani na madaktari wa ndege, lakini kwangu mimi ni wa mabawa.

Halafu kuna The Panther wa Paul Wheelahan, kuanzia 1957, matoleo zaidi ya 70. Huyo alikuja wakati soko limeshaanza kuoza. Televisheni iliingia Australia 1956, na muda si mrefu katuni za Kimarekani zikaruhusiwa tena, za rangi tupu. Wachoraji wa hapa wakaachwa na vijitabu vyao vya kijivu. Wheelahan mwenyewe akahamia kuandika riwaya za makauboi.

Msimamo wangu, mtanirushia mawe mkitaka: shujaa wa Australia hakuzaliwa na mapenzi ya sanaa wala uzalendo, alizaliwa na uhaba wa dola. Uhaba huo unauona kwa macho kwenye kila nakala, kwenye karatasi, wino, ukubwa na bei ya jalada. Anayekusanya hivi vitu bila kuangalia hayo anakusanya picha tu.

KijanaWaTandale

Naweka kambi hapa. Ila mzee, tuseme ukweli, kuna hela? Au ni mapenzi tu?

MzeeWaJalada

@KijanaWaTandale hela ipo, lakini haipo unakodhani. Katuni ya shujaa Phantom, namba 1 ya mwaka 1948 ya kampuni ya Frew, ikitokea mnadani watu wanakunjiana ngumi. Captain Atom za mwanzo zenye rangi nazo zinafukuziwa. Lakini mzigo mkubwa utakaoukuta, yaani Superman na Batman za miaka ya 60 na 70 zilizochapwa hapa na mchapishaji K.G. Murray, unanunua kwa bei ya chakula cha mchana. Ukija kwa nia ya kununua leo na kuuza mwezi ujao, nenda kwenye uzi wa viwanja.

OtienoKatuni

Salaam kutoka Kisumu. Mzee Jalada, umeweka Frew na Phantom hapo kama vile ni Mwaustralia. Phantom ni wa Lee Falk, Mmarekani, 1936. Sasa anaingiaje kwenye uzi wa mashujaa wa Australia? Hata nguvu za ajabu hana, ni mtu na bastola mbili na farasi.

Sisi huku tulikuwa na Lance Spearman, yule wa picha za kupigwa na kamera, kofia kichwani na sigara mdomoni. Baba alikuwa na boksi zima la jarida lake, African Film, chini ya kitanda. Boksi hilo mchwa walilimaliza.

MzeeWaJalada

@OtienoKatuni pole kwa boksi, hiyo ni hasara ya kulilia.

Kuhusu Phantom uko sahihi kwa kuzaliwa. Lakini angalia alikoishi. Septemba 1936, miezi michache tu baada ya kuanza Marekani, alishakuwa anachapwa Australia kwenye gazeti la akina mama, Australian Woman's Mirror. Mwaka 1948 Frew ya Sydney ikaanza kumtolea kitabu chake, na hadi leo inatoa, imeshapita namba 1,900. Marekani kwenyewe vitabu vyake vimekuwa vikianza na kufa mikononi mwa kampuni tofauti. Ukimtaja Phantom kwa mzee wa Kiaustralia aliyekulia shambani atakuambia alimsoma kwa kinyozi. Mtoto aliyelelewa na shangazi tangu hajatembea, tunamwita wa nani?

Na kwa mkusanyaji, Frew ina jambo lake tamu. Miaka ya mwanzo walikuwa wanakatakata hadithi ili ziingie kwenye kurasa walizonazo. Picha zinaondolewa, maneno yanafupishwa, wakati mwingine mtu anatokea chumbani na hujui aliingiaje. Jim Shepherd alipoishika kampuni miaka ya 1980 alianza kuzirudisha hadithi nzima, pamoja na kutafsiri zile zilizokuwa zikitungwa Sweden. Sasa hadithi moja unaweza kuwa nayo katika matoleo matatu na yote matatu yasilingane. Kuna watu wanazipanga mezani na kuhesabu picha zilizokatwa. Mimi ni mmoja wao.

BintiWaKilwa

Mmeongea uzuri wote, acheni na mimi nimwage sumu kidogo. Huyo Phantom anaishi wapi? Msituni, kwenye nchi ya kubuni ya Bangalla, ambayo mwanzo ilikuwa kama Asia, baadaye ikahamishiwa Afrika bila hata kutuaga. Mzungu mmoja, kizazi baada ya kizazi, anakaa kwenye kiti chenye umbo la fuvu, mbilikimo wenye mishale ya sumu wanamlinda, na makabila mengine yanaamini hafi. Makabila yote yanasubiri aje awaamulie. Nawauliza mnaotoa dola zenu: mnasoma hilo mkiwa na raha gani?

OtienoKatuni

Dada umepiga penyewe. Ndiyo maana nilimtaja Spear. Angalau yeye alikuwa mweusi na suti yake.

MzeeWaJalada

@BintiWaKilwa sitamtetea, maana hateteeki. Hadithi za miaka ya 30 na 40 zina mambo ambayo ukiyasoma unafunga kitabu. Nitaongeza mawili tu.

La kwanza, Falk mwenyewe alibadilika na wakati. Miaka ya 60, nchi zetu zikipata uhuru, Bangalla nayo ikapata rais, Lamanda Luaga, daktari, Mwafrika, aliyepigiwa kura, na Phantom akawa anamsaidia dhidi ya jenerali anayetaka kupindua. Bado mzungu ndiye mwenye usukani, lakini si hadithi ileile. Ukizipanga Frew kwa mwaka unaona mabadiliko hayo yakitokea kidogokidogo, na hiyo kwangu ni sababu ya kuzihifadhi, si ya kuzichoma.

La pili, nenda Papua New Guinea. Katuni za Phantom zilifika huko kutoka Australia, na watu wa bonde la Wahgi, kule milimani, walimchora Phantom kwenye ngao zao za vita. Shujaa asiyekufa, wakaona anafaa kutangulia mbele ya mishale. Hawakumchora kama bwana wao. Walimkamata wakampa kazi.

BintiWaKilwa

Hilo la ngao sikulijua. Sumu yangu nabaki nayo, lakini nimepunguza dozi.

MrundiAdelaide

Bwakeye. Mimi niko Adelaide. Nimeona uzi huu nikakumbuka kuna duka la mitumba la hisani karibu na ninapofanyia kazi, wana kikapu cha katuni. Kuna Superman moja, jalada la rangi, ndani nyeusi na nyeupe, bei imeandikwa 1/-. Haina tarehe popote, nimetafuta mbele na nyuma. Chini kuna jina la K.G. Murray. Ni ya mwaka gani, na ni halali au ni feki?

MzeeWaJalada

@MrundiAdelaide karibu sana. Ni halali. K.G. Murray alianza kuchapa Superman hapa mwaka 1947 kwa kibali, ya mwanzo yakiwa na rangi ndani, baadaye akabana matumizi kama wenzake. Kutoweka tarehe ilikuwa kawaida yake: kitabu kisicho na tarehe hakichakai dukani, kinaweza kukaa rafuni miezi na mnunuzi asijue.

Sasa tunakipa umri kwa bei. Hiyo alama ya 1/- ni shilingi moja, ileile ambayo mpaka leo wenye maduka kwetu wanaifuata wakiandika 1,000/= kwenye risiti. Australia waliacha paundi na shilingi tarehe 14 Februari 1966 wakahamia dola na senti. Kwa hiyo jalada lenye 1/- ni la kabla ya hapo, au la siku hizohizo za kuhama. Likiwa na "d", yaani peni, mfano 8d au 9d kwa kitabu cha kawaida, mara nyingi unarudi nyuma zaidi. Likiwa na "c" umeshavuka 1966. Bei ikipanda na kurasa zikipungua, unakaribia miaka ya 70.

Baada ya bei, soma matangazo ya ndani. Majarida mengine ya kampuni hiyohiyo yanatangazwa humo, na ukijua lipi lilianza lini unabana mwaka. Mwisho linganisha hadithi na za Marekani: hadithi haiwezi kuwa imetoka hapa kabla ya kutoka kule. Lakini usiamini jalada. Murray alikuwa anachukua picha ya jalada la kitabu kimoja, hadithi za kitabu kingine, na kujazia kurasa kwa kipande cha Batman au cha shujaa ambaye jina lake halimo hata kwenye jalada. Kuna watu wanatafuta hadithi ya kwanza ya shujaa fulani kwenye matoleo ya Australia, wanaikuta imefichwa nyuma ya kitabu cha jina jingine kabisa, imeuzwa kama takataka. Hizo ndizo bahati za kikapu.

MrundiAdelaide

Asante sana mzee. Kona ya juu ya jalada kuna jina la mtu limeandikwa kwa penseli, kama ukoo. Hilo linaharibu?

MzeeWaJalada

Kwa wauzaji wanaopima hali ya kitabu kwa madaraja, ndiyo, linashusha. Kwangu linapandisha. Muuza magazeti wa mtaani alikuwa akiandika ukoo wa mteja aliyeagiza, anamwekea chini ya kaunta. Kwa hiyo mtoto wa nyumba hiyo alikuwa na oda ya kudumu. Usithubutu kufuta.

Kinachoharibu kweli ni mengine. Kurasa za nyeusi na nyeupe zilikuwa mwaliko kwa kila mtoto mwenye kalamu za rangi, kwa hiyo fungua ukurasa kwa ukurasa uone kama Superman hajapakwa kijani. Angalia kuponi: watoto walikata kona za matangazo kutuma posta, na nyuma ya kuponi iliyokatwa kuna nusu ya picha imekwenda nayo. Hesabu kurasa za katikati, maana zile hushikiliwa na pini mbili tu na ndizo za kwanza kuanguka.

MkutubiMstaafu

Naomba niongezee, nimefanya kazi ya maktaba miaka mingi Dar na pwani.

Karatasi ya katuni hizo ni ya gazeti, ina asidi ndani yake yenyewe. Itageuka njano hata ukiiombea dua. Unachoweza ni kuichelewesha. Giza, ukavu, na isilazwe kwenye mbao au kadibodi ya kawaida kwa sababu nazo zinatoa asidi. Mifuko laini ya plastiki ya sokoni, ile yenye harufu, ikimbieni. Inatoa mvuke na inashikana na wino. Tafuteni mifuko ya mailari au polipropilini, na nyuma weka ubao usio na asidi.

Pini zikishika kutu, kutu inakula karatasi kuzunguka tundu mpaka jalada linachomoka lenyewe. Watu wanakimbilia kuzing'oa na kuweka mpya. Msifanye hivyo kwa kitabu cha thamani kabla hamjajifunza. Na selotepu, ndugu zangu, selotepu ni adui kuliko panya. Panya anakula kona moja. Gundi inapenya mpaka ukurasa wa pili na kuacha doa la rangi ya chai lisilotoka.

Kwa walioko mwambao, Mombasa, Tanga, Unguja: unyevu wetu ni mbaya kuliko wa Melbourne. Vile vipakiti vidogo vya kukausha unyevu vinavyokuja kwenye viatu vipya, msivitupe.

KijanaWaTandale

Nimecheka hapo kwa selotepu, boksi langu la magazeti ya Sani lote limefungwa kwa hiyo. Ndumilakuwili wangu ana plasta usoni.

OtienoKatuni

Mzee, na hizi za Marvel? Nimeona mtandaoni Spider-Man ya Australia, nyeusi na nyeupe, jina la Newton. Muuzaji anataka hela ndefu.

MzeeWaJalada

Newton ni kisa chake peke yake. Maxwell Newton alikuwa mwanahabari, mhariri wa kwanza kabisa wa gazeti la The Australian mwaka 1964. Mwaka 1975 akaingia kwenye katuni, akachapa Marvel kwa wingi na kwa pupa, na mwaka uliofuata mambo yakaanguka. Kwa kuwa maisha yalikuwa mafupi, mtu unaweza kweli kulenga kukamilisha seti yote, na hapo ndipo bei inapopandia: wote wanatafuta matoleo yaleyale machache ya mwisho.

Kabla hujalipa, muulize muuzaji swali moja: bango la katikati limo? Walikuwa wanaweka bango la rangi la kubandika ukutani, na mtoto gani angeliacha ndani? Nakala yenye bango na nakala isiyo na bango ni bidhaa mbili tofauti. Akikujibu "hali ni nzuri kwa umri wake", bango halimo.

Na kwa upande wa Phantom, kuwa macho na kitu kingine. Frew yenyewe imewahi kuchapa upya matoleo yake ya kwanza kama kumbukumbu, kuyatia ndani ya matoleo maalumu. Ni kazi halali na nzuri, mimi ninazo na nazifurahia. Lakini zikitoka kwenye mfuko wake na kufika kwa mtu asiyejua, au anayejua sana, zinapigwa picha na kuuzwa kama za 1948. Omba picha ya pini na ya kingo za karatasi kwa karibu. Karatasi ya miaka ile imegeuka kahawia kuanzia kingoni kuja ndani. Nyeupe sawasawa pote ni ya juzi.

BintiWaKilwa

Swali la asiye na hela. Nataka kuona hivi vitu bila kununua wala kupanda ndege. Kuna njia?

MzeeWaJalada

Ipo. Maktaba ya Taifa ya Australia ina hazina ya mtandaoni inaitwa Trove, bure, hata huhitaji kujiandikisha kusoma. Humo kuna Australian Woman's Mirror, kwa hiyo unaweza kumwona Phantom alivyotokea Septemba 1936, katikati ya mapishi na mitindo ya kofia. Vitabu vyenyewe vya katuni vingi havimo kwa sababu ya hakimiliki, lakini magazeti ya kila siku yamo, na ndani yake unakuta mabishano ya miaka ya 50: makasisi, walimu na wabunge wakilalamika kwamba katuni zinaharibu watoto. Queensland walifika mbali, mwaka 1954 wakaunda bodi ya kukagua maandishi na ikafungia katuni kadhaa.

Ukitaka picha kamili tafuta kitabu cha John Ryan cha mwaka 1979 kuhusu historia ya katuni za Australia. Ryan alikuwa mkusanyaji kwanza, mwandishi baadaye, na inaonekana: anazungumzia wachapishaji wadogo kama mtu aliyewatafuta mwenyewe.

MrundiAdelaide

Mrejesho wakuu. Nimerudi dukani, ile Superman bado ipo, pini zina kutu kidogo, kurasa zote zimo, hakuna kuponi iliyokatwa. Mama wa duka kaniuzia dola mbili na kanifungia kwa gazeti. Kikapuni zimebaki Phantom za miaka ya 90 kama kumi hivi na kauboi mmoja hana jalada. Nizichukue?

MzeeWaJalada

Phantom chukua za kusoma, hazitakutajirisha. Kauboi asiye na jalada nipigie picha ukurasa wa kwanza na wa mwisho kwanza.

BintiWaKilwa

Nimeingia Trove. Ukitafuta, andika neno "Phantom" pamoja na jina la gazeti kwenye alama za kunukuu, la sivyo utaletewa mizimu, mbio za farasi na matangazo ya meli. Nimefika Oktoba 1936, na mishale ya sumu imeshaanza kurushwa.